Sura ya Tatu: Herufi ya Ishirini

Baba ni AS, mama ni AS. Mtoto wao wa kwanza amezaliwa na siko seli, na kliniki wameelezwa kwamba wazazi kama wao hupata mtoto mgonjwa mmoja kati ya wanne. Wanarudi nyumbani na hesabu yao: huyu ndiye yule mmoja, basi watatu watakaofuata watakuwa wazima. Wengi wamepanga uzazi kwa hesabu hiyo, wakampata wa pili naye akawa SS, kisha wakakaa wakijiuliza wamekosa nini.

Hawajakosa kitu. Maelezo waliyopewa ndiyo hayakumaliziwa. Mmoja kati ya wanne si mgawo wa familia, ni bahati ya kila mimba peke yake. Ukirusha shilingi ikaangukia kichwa, mrusho unaofuata hauna habari na uliopita, na mimba nayo haina habari na mimba iliyoitangulia.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, nakala hizo hutenganishwa na moja tu ndiyo husafiri. Mwenye AS ana nakala moja ya kawaida, A, na nyingine yenye badiliko, S. Nusu ya mayai yake yana A, nusu yana S, na hakuna anayechagua lipi litangulie. Yai na mbegu zikikutana, njia ni nne: A ya mama na A ya baba, A ya mama na S ya baba, S ya mama na A ya baba, S na S. Ya kwanza huleta mtoto asiye na S kabisa. Mbili za katikati huleta watoto wanaofanana na wazazi wao, wazima wenye AS. Ya nne huleta mgonjwa. Mimba ya tano inaanzia pale pale ilipoanzia ya kwanza. Ndiyo maana jirani anaweza kuzaa sita bila mgonjwa hata mmoja na wewe ukazaa watatu wagonjwa kati ya wanne, na hakuna fumbo lolote katika nyumba yoyote kati ya hizo mbili.

Nimeliweka hili mbele kwa sababu limevunja nyumba nyingi. Mtoto anaanza kuugua akiwa na miezi sita hivi, vidole vya mikono na miguu vimevimba, macho ya manjano, analia usiku kucha, na lawama inamwangukia mama. Kwao kuna mkosi. Damu ya ukoo wao mbaya. Wapo akina baba walioondoka moja kwa moja wakaanza familia nyingine, wakiwa wameibeba S yao ndani ya mwili vilevile. SS ni S mbili, moja ya mama na moja ya baba, na yeyote anayemlaumu mwanamke peke yake anasema uongo kuhusu damu ya mtoto wake mwenyewe.

Kanuni hii ya kutengana kwa nakala iliwekwa wazi na mtawa Gregor Mendel katika bustani ya monasteri ya Brno, kwa kupandisha njegere. Alianza majaribio mwaka 1856, akayasoma matokeo mbele ya chama cha wanasayansi cha mji huo mwaka 1865, akayachapisha mwaka uliofuata, na kwa zaidi ya miaka 30 karibu hakuna aliyeelewa uzito wa alichokiona. Sifa iliyotoweka katika kizazi cha kwanza cha njegere zake ilirudi katika kizazi cha pili, robo ya mimea yote. Ni robo ile ile. Njegere, ng'ombe, mbu na binadamu hutii kanuni moja, na ndiyo sababu katika sura hii nitafuata jeni moja tu. Sidhani kama ipo nyingine iliyochunguzwa kwa kina kama hii, na historia yake imepita katika ardhi yetu.

Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 11. Ina maelekezo ya kutengeneza beta globini, sehemu ya himoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. DNA imeandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, A, T, G na C (A hii haihusiani na A ya AS), na seli huzisoma tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu hutaja asidi amino moja, nazo zikiunganishwa kwa mpangilio huo ndiyo protini.

Ukihesabu tangu pale usomaji unapoanzia, herufi ya 19, ya 20 na ya 21 za jeni ya beta globini ni G, A, G. Kundi hilo hutaja asidi ya glutamiki. Kwa mwenye S, herufi ya 20 si A bali T. GAG imekuwa GTG, na GTG hutaja valini. Katika herufi takriban bilioni 3 za seti moja ya DNA ya binadamu, tofauti ni hiyo moja, nayo imetosha kujaza wodi za watoto.

Nataka tukae kidogo kwenye kundi hili. Herufi ya 21 ikibadilika kutoka G kuwa A, tunapata GAA, na GAA nayo hutaja asidi ile ile ya glutamiki. Protini inatoka vilevile. Mtu ataishi, atazeeka, atarithisha badiliko hilo kwa wajukuu, na halitamgusa yeyote. Herufi ya 19 ikibadilika kutoka G kuwa A, tunapata AAG, yaani lisini. Badiliko hilo lipo duniani: ndilo himoglobini C, lililoenea Afrika Magharibi, na mwenye nakala zake mbili kwa kawaida huugua kidogo tu. Herufi tatu zimekaa bega kwa bega. Moja ikiguswa hakuna linalotokea, nyingine inaleta ugonjwa mwepesi, ya kati inaleta mateso ya maisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema jeni fulani "imeharibika kidogo" au "imeharibika sana" kwa kuhesabu herufi tu, ujue bado hajakuambia kitu.

Valini inadhuru kwa sababu ya tabia yake na maji. Asidi ya glutamiki huvutwa na maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, valini haisumbui. Ikishaitoa oksijeni kwenye misuli au kwenye ubongo, umbo lake hugeuka na kufunua kishimo kisichopenda maji, na valini ya molekuli jirani huingia humo na kunasa. Hiyo nayo hunaswa na nyingine, mpaka nyuzi ndefu, ngumu, zinaivuta chembe nyekundu kutoka umbo lake la mviringo hadi umbo la mundu. Chembe laini hujikunja ikapenya mishipa myembamba kuliko yenyewe. Chembe ngumu hukwama. Palipokwama, nyama ya mwili hukosa oksijeni, na hapo ndipo yanapoanza yale maumivu ya mifupa ambayo mgonjwa hushindwa kuyaeleza na ndugu hushindwa kuyatazama. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mwenye SS siku 10 hadi 20, kwa hiyo upungufu wa damu haumwachi. Bandama inayochuja damu huharibika tangu utotoni, na mtoto hubaki bila ulinzi wa kutosha dhidi ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Homa ya jioni kwa mtoto mwenye siko seli si jambo la kusubiri asubuhi.

Chembe zenye umbo la mundu zilielezwa katika jarida la kitabibu kwa mara ya kwanza mwaka 1910 na James Herrick wa Chicago, kutoka kwa mgonjwa kijana aliyetoka Grenada kwenda kusomea udaktari wa meno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti na ya wengine katika uwanja wa umeme, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ukapewa anwani ndani ya molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kwamba tofauti yote ni asidi amino moja.

Mwaka huo huo wa 1949 kijana mwingine alikuwa Kenya akichukua damu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini, akalelewa Kenya katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, na akarudi kama mwanafunzi pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walifuata mimea na wadudu. Yeye alipima makundi ya damu ya watu wa makabila mbalimbali, na pamoja na hayo akatafuta chembe za mundu. Alichokikuta kilimshangaza. Pwani, na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na S. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Ramani ya S ilifuata joto, maji yaliyotuama na mbu. Lugha na ukoo havikuieleza.

Alirudi mwaka 1953 kulitafutia ushahidi wazo lake, kwamba AS humkinga mtu dhidi ya malaria. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 wenye AS, 12 walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Kati ya 247 wasio na S, walikuwa nao 113. Ni asilimia 28 kwa asilimia 46. Kisha akafanya jambo ambalo leo lisingefanyika bila ruhusa ya kamati ya maadili: aliwaambukiza malaria watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio nayo. Kati ya wasio nayo, 14 walipata vimelea. Kati ya wenye AS, wawili. Naona ni haki kuutaja utafiti huo pamoja na watu hao 30, ambao majina yao hayamo vitabuni, kwa sababu hoja iliyochapishwa mwaka 1954 imesimama juu ya miili yao. Nusu karne baadaye watafiti wa Kilifi waliofuatilia watoto kwa miaka walipata jibu lenye nguvu zaidi: AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Hakuna jeni nyingine ijulikanayo kwa binadamu inayokinga malaria kali kiasi hicho.

Sasa tufanye hesabu ya kijiji kizima. Tuseme watu 20 katika 100 ni AS, na wanaoana bila kupimana. Uwezekano wa mume na mke wote kuwa AS ni asilimia 20 ya asilimia 20, yaani ndoa nne katika 100. Robo ya watoto wa ndoa hizo ni SS: mtoto mmoja katika kila 100 wanaozaliwa kijijini. Kabla ya dawa, wengi wa watoto hao walikufa wadogo, na kila kifo kiliondoa S mbili. Lakini kila msimu wa mvua malaria nayo ilipita ikichukua watoto wasio na S, na kuwaacha wenye AS. S ilikuwa ikitolewa huku na kurudishwa kule, vizazi kwa vizazi, na kiwango kikasimama mahali ambapo hasara mbili zinalingana. Hivi ndivyo uteuzi wa asili ulivyo kwa karibu. Haukuwa na nia ya kumlinda yeyote. Ulilipa uhai wa watoto wengi kwa mateso ya wachache, na waliolipa hawakuulizwa.

Mahali pasipo na malaria, S haina inachorudisha. Marekani, ambako ilifika ndani ya meli za watumwa, leo mtoto mmoja hivi kati ya 13 wa Wamarekani Weusi huzaliwa na AS, pungufu ya kiwango cha Afrika Magharibi walikotoka wengi wa mababu zao, kwa sehemu kwa sababu ya ndoa mchanganyiko na kwa sehemu kwa sababu kinga ilikoma kuwa na kazi. Oman nako S ipo, na herufi zinazoizunguka kwenye kromosomu ya 11 hutofautiana: wengine wana mpangilio unaopatikana Uarabuni na India, wengine ule wa Benin, wengine ule ule wa wagonjwa wa Dar es Salaam na Mombasa. Biashara, utumwa na ndoa za karne nyingi kati ya Oman na mwambao wetu zimeandikwa humo.

Zamani wataalamu waliamini S ilizuka mara kadhaa mahali tofauti, kwa kuwa mipangilio hiyo ni mingi. Uchambuzi wa DNA nzima za watu wengi uliochapishwa mwaka 2018 ulielekeza kwingine: kwa mtoto mmoja, Afrika, yapata miaka 7,300 iliyopita. Herufi moja ilinakiliwa vibaya katika yai au mbegu ya mzazi asiyejulikana. Si ajabu kama inavyosikika. Kila mtoto anayezaliwa, mimi na wewe tukiwemo, huja na mabadiliko mapya 60 hadi 70 ambayo wazazi hawakuwa nayo, mengi yakiwa yametokea katika mbegu za baba, na karibu yote hayafanyi lolote. Lile la miaka 7,300 iliyopita liliangukia herufi ya 20 ya jeni ya beta globini mahali palipokuwa na mbu.

Kimelea cha malaria hakikukaa kimya muda wote huo. Plasmodiamu falsiparamu ana jeni zaidi ya 5,000 katika kromosomu 14, na ndani ya damu yetu ana nakala moja tu ya kila jeni. Maana yake badiliko lolote kwake huonekana papo hapo, hakuna nakala ya pili ya kulisitiri. Kupandana kwake hufanyika tumboni mwa mbu, na humo ndimo jeni za vimelea tofauti huchanganyika kabla ya kurudi kwetu. Mabadiliko yanayokifanya kisiuawe haraka na dawa za artemisinini yamekwisha kuonekana Rwanda na Uganda.

Ana pia ustadi ambao hauhitaji kubadilisha herufi hata moja. Katika jeni zake zipo kama 60 za aina moja, kila moja ikitengeneza protini tofauti kidogo ya kuitokeza juu ya chembe nyekundu ili ishikamane na ukuta wa mshipa, isipelekwe kwenye bandama. Kwa wakati mmoja kimelea hufungua moja tu. Nyingine zote amezikunja na kuzinyamazisha. Mwili wetu ukishaitambua protini iliyo juu na kuanza kuishambulia, vimelea vichache vilivyokwisha kufungua jeni nyingine huponyoka na kujaza damu upya. Kingamwili zinabaki zinamtafuta adui aliyevaa sura nyingine. Sehemu ya siri ya AS imo hapa: ndani ya chembe yenye S, kimelea hushindwa kuipanga vizuri protini hiyo juu ya chembe. Lakini mwaka 2022, watafiti walipolinganisha DNA ya watoto wagonjwa wa Gambia na Kenya na DNA ya vimelea vilivyowaambukiza, waliona kwamba watoto wenye AS wanaougua malaria kali huwa mara nyingi wana vimelea vya aina fulani, vyenye mabadiliko mahali mahususi katika jeni zao. Mbele ya vimelea hivyo, kinga ya AS hupungua sana. Jeni ya binadamu imebadilika, ya kimelea ikaifuata.

Turudi kwa mtoto, maana liko swali ambalo akina mama huliuliza na mara nyingi halijibiwi. Kama alizaliwa na SS, kwa nini miezi ya mwanzo alikuwa mzima, ananenepa, anacheka? Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson wa Brooklyn aliona kwamba damu ya watoto wachanga wenye ugonjwa huu ina chembe chache sana za mundu, akasema lazima himoglobini ya tumboni ndiyo inayowalinda. Alikuwa sahihi.

Kijusi hakitegemei beta globini. Kinapata oksijeni kupitia kondo la nyuma, kutoka kwenye damu ya mama, hivyo kinahitaji himoglobini inayoishika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama. Kwa kazi hiyo kuna jeni nyingine, gama globini. Gama, beta na jeni ndugu zao zote ziko kwenye kromosomu ya 11, zimepangwa kwa mstari, na zinatumika kwa zamu kwa mpangilio ule ule zilivyokaa: kwanza epsiloni kwa wiki za mwanzo, kisha gama mbili kwa miezi iliyobaki ya tumboni, mwishoni delta, inayotumika kidogo tu, na beta kwa maisha yaliyosalia. Jambo hili hunigusa kila ninapolisoma. Seli ya ngozi yako ina jeni hizi zote, ya jicho inazo, ya ini inazo, na zimefungwa humo tangu uzaliwe mpaka ufe. Seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu ndizo pekee huzifungua, tena kwa wakati wake. Kuwa na jeni ni jambo moja, kuitumia ni jingine.

Baada ya kuzaliwa, gama hufungwa taratibu na beta huchukua nafasi. Kwa mwenye SS, beta ndiyo yenye kasoro. Ndani ya miezi sita akiba ya gama imepungua sana, na vidole vinaanza kuvimba.

Wapo watu ambao gama yao haifungwi sawasawa. Mashariki ya Saudi Arabia na sehemu za India kuna wagonjwa wa SS ambao himoglobini ya kijusi bado ni sehemu ya tano hivi ya himoglobini yao hata ukubwani, na ugonjwa wao ni mwepesi zaidi. Kutokana na watu wa aina hiyo, watafiti waliuliza: nani hufunga gama? Kati ya mwaka 2007 na 2008 jibu lilipatikana katika jeni iitwayo BCL11A, iliyo mbali kabisa, kwenye kromosomu ya 2. Hutengeneza protini inayokwenda kukaa jirani na gama na kuizima. Ndani ya BCL11A yenyewe kuna kipande kifupi cha DNA kisichotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kuipandisha BCL11A katika seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu, humo tu. Ukiondoa kipande hicho, BCL11A itashuka kwenye damu nyekundu na kubaki salama kwenye ubongo na kwenye kinga ya mwili, inakohitajika.

Tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, iitwayo Casgevy, inafanya hivyo hasa. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, hukatwa mahali hapo maabara, kisha hurudishwa mwilini baada ya uboho wa zamani kusafishwa kwa dawa kali za aina zinazotumika kwa saratani. Herufi ya 20 haiguswi. Inabaki T kama ilivyokuwa, na gama inafunguka tena kuziba pengo. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa miezi 12 mfululizo bila kupata maumivu makali ya kuwapeleka hospitali. Watoto wao lakini wataendelea kurithi S, kwa sababu kilichobadilishwa ni uboho, na uboho haurithishwi.

Mkasi uliotumika umetoka kwa bakteria. Bakteria wengi, wanaposhambuliwa na virusi, huchukua kipande cha DNA ya kirusi na kukiweka ndani ya DNA yao wenyewe. Kirusi cha aina hiyo kikirudi, bakteria hunakili kipande kile na kukitumia kukitambua kirusi na kukikata. Mwaka 2007 wanasayansi wa kampuni ya Danisco walithibitisha hilo kwa bakteria wanaogandisha maziwa ya mtindi. Bakteria akijigawa, watoto wake wote hurithi kumbukumbu hiyo, jambo ambalo kwetu sisi haliwezekani: kinga uliyoipata kwa kuugua surua haiandikwi kwenye DNA ya mwanao. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba mkasi huo unaweza kuelekezwa kwenye DNA yoyote utakayo, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Bei ya Casgevy Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania peke yake hukadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye siko seli kila mwaka. Nafurahia sayansi hii kwa moyo wote, na nakataa kuitumia kama kisingizio cha kusubiri, kwa sababu ipo dawa ya kumeza inayogusa gama hiyo hiyo. Haidroksiurea ilikuwa dawa ya saratani. Huongeza himoglobini ya kijusi, na mwaka 1995 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba hupunguza vipindi vya maumivu kwa karibu nusu. Kwa miaka mingi ilihofiwa kwamba hapa kwetu, penye malaria na lishe duni, ingewadhuru watoto. Jaribio lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto zaidi ya 600, lililochapishwa mwaka 2019, lilijibu hofu hiyo: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, maambukizi yalipungua, malaria yenyewe ilipungua, na vifo vilipungua.

Ili mtoto afaidike, lazima ajulikane kabla ya miezi sita haijaisha, na hiyo ni kazi ya tone la damu ya kisigino siku anapozaliwa au siku ya chanjo. Akijulikana, apewe penisilini kila siku kwa miaka yake ya mwanzo, chanjo ya bakteria wa nimonia, kinga ya malaria, asidi ya foliki, na mama afundishwe kumpapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuona kama bandama imevimba ghafla. Haidroksiurea huanza baada ya miezi tisa, kwa kipimo kinachofuata uzito, na kwa kuwa hushusha chembe nyeupe, kliniki inayoitoa inahitaji mashine ya kuhesabu chembe za damu, kemikali za kuiendesha zisizokatika katikati ya mwezi, na mtu wa maabara wa kuisoma karibu na anapoishi mtoto.